Dogo Mbona Hakui? Kipimo cha Homoni na Kijana Aliyechelewa Kubalehe

Simu ya mume wangu iliita Jumapili moja akiwa bafuni. Mdogo wake akaipokea. "Haloo?" Upande wa pili mtu akauliza, "Samahani dada, mwenye simu yupo?" Dogo akanikabidhi simu bila kusema neno, akaingia chumbani kwake. Tangu siku hiyo hakupokea tena simu ya mtu.

Ana miaka 15. Yuko Kidato cha Pili shule ya bweni, na likizo zote anakuja kwetu Dar, maana wazazi wao wako mbali na sisi ndio "baba na mama" wa hapa mjini. Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu mnaishi hivyo hivyo. Ndoa haijamaliza hata miaka mitano, lakini tayari mna kijana wa sekondari chumba cha pili. Mnalipa ada, mnanunua godoro na ndoo, mnahudhuria vikao vya wazazi. Halafu siku moja unamwangalia vizuri pale mezani, unagundua kwamba mtoto wa jirani mwenye miaka 13 kampita mabega, ana vindevu na anaongea besi, na huyu wako bado ana mashavu ya darasa la nne. Unafanyaje?

Mimi nilichofanya kilikuwa kosa. Nitakisimulia, maana nadhani wengi mngefanya vile vile.

Haraka yangu na mshale mwekundu

Kwanza nikiri kwamba mimi na shemeji yangu tuna heshima zetu. Naweza kumuuliza kama amekula, kama amefua soksi, kama hela ya masomo ya ziada imefika. Siwezi kumuuliza kuhusu mwili wake. Mume wangu, ambaye angeweza, kila nikigusia alinijibu, "Atakua tu, mwache," halafu anaongeza sauti ya televisheni. Hiyo televisheni nitairudia.

Basi nikajifanya mjanja. Jumatano moja nikatoka kazini mapema, nikampitia nyumbani, nikamwambia tunakwenda kupima damu "ya kawaida" kabla shule hazijafunguliwa. Maabara moja ya mjini ilikuwa na kifurushi cha homoni za kiume: unalipa, unatoa mkono, unaondoka. Hakuna aliyetuuliza umri wake, hakuna aliyetuuliza kwa nini tumekuja. Saa kumi na nusu jioni damu ikatolewa. Kesho yake majibu yakaingia kwenye simu yangu: testosteroni 0.3, na pembeni yake mshale mwekundu unaotazama chini. Kiwango cha kawaida kilichoandikwa hapo kilianzia 8 kwenda hadi karibu 30.

Usiku ule sikulala jamani. Nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Utasa, upungufu wa homoni, uvimbe kwenye ubongo, kila nikifungua ukurasa mpya nakutana na kibaya zaidi. Na kubwa kuliko yote, simu hiyo niliiacha kwenye kochi na dogo akayaona majibu. Hakuniambia. Nilikuja kujua wiki mbili baadaye, mbele ya daktari, alipouliza kwa ile sauti yake nyembamba: "Dokta, ni kweli mimi sitakuja kuwa na watoto?"

Wiki mbili nzima alikuwa amelala na swali hilo peke yake, chumba cha pili, ukuta mmoja na mimi.

"Damu hii ilitolewa saa ngapi?"

Daktari tuliyeelekezwa ni bingwa wa watoto aliyesomea mambo ya homoni. Mabingwa wa namna hii bado si wengi ukanda wetu, ingawa tangu mwaka 2008 yako mafunzo maalumu Nairobi yanayoandaa madaktari wa watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwa kazi hiyo, na waliopita huko wapo Tanzania pia. Mzee wa watu alilitazama karatasi langu, akaliweka pembeni kama mtu aliyepewa risiti ya duka jingine. Hakukimbilia kumjibu dogo. Alimwambia, "Kijana wangu, swali lako ni zuri na nitalijibu, ila karatasi hii haina jibu lake." Kisha akanigeukia mimi: "Mama, damu hii ilitolewa saa ngapi?"

Nikasema jioni. Akatikisa kichwa.

Alichonieleza naomba nikieleze kwa lugha yetu ya ofisini. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Huyo ndiye bosi. Bosi hatoi amri moja ndefu, anatuma meseji fupi fupi kwa vipindi. Zinapokelewa na meneja, yaani tezi ya pituitari iliyoko chini ya ubongo, naye anaachia kwenye damu homoni mbili, LH na FSH. Hizo zinashuka mpaka kiwandani, kwenye korodani. LH inaamsha utengenezaji wa testosteroni, ile inayoleta sauti, misuli, nywele na kimo. FSH inashughulikia zaidi sehemu itakayokuja kutengeneza mbegu. Utotoni bosi huyu amelala. Siku ya kuamka haamki mchana. Anaanza kutuma meseji usiku, kijana akiwa usingizini, na kwa miezi ya mwanzo testosteroni inapanda alfajiri halafu inashuka kabisa mchana ukiingia.

Kwa hiyo kijana ambaye balehe ndiyo kwanza inabisha hodi, ukimpima saa kumi na nusu jioni unamkuta ni mtoto mdogo. Ukimpima saa mbili asubuhi unaweza kukuta kitu kingine kabisa. Na ile 8 mpaka 30? Ni kiwango cha mwanamume mzima. Nilikuwa nimempima mtoto kwa rula ya baba yake, tena nikampa mshale mwekundu!

Kuna jingine la kukera. Mashine nyingi za maabara za kupima testosteroni zimetengenezwa kwa kuwalenga wanaume wazima, kwa hiyo kwenye viwango vya chini kabisa, vya watoto, usahihi wake unapungua. Kama maabara ina mbinu inayotenganisha molekuli kwa uzito wake, hiyo ndiyo inayoaminika zaidi kwa watoto. Na kina mama wenzangu, vile vidonge vya kurefusha nywele na kucha tunavyomeza sisi na kuwagawia watoto kama peremende vina biotini. Ikiwa nyingi mwilini, biotini huvuruga baadhi ya mashine hizo: LH inaweza kuonekana ya chini kuliko ilivyo na testosteroni ya juu kuliko ilivyo. Mwambie daktari kila kitu ambacho mtoto anakimeza.

Kabla ya sindano, shanga

Hapa ndipo nilipojifunza kwamba kipimo cha kwanza cha balehe ya mvulana hakiko maabara. Sisi tunaangalia ndevu na sauti. Daktari anaangalia korodani, kwa sababu ndizo zinazotangulia. Zikifika mililita 4 kila moja, urefu unaozidi kidogo sentimita mbili na nusu, balehe imeanza, hata kama sauti bado ni ya kwaya ya watoto. Wavulana wengi huanza kati ya miaka 9 na 14. Akitimiza 14 na hakuna dalili hiyo, ndiyo tunaita amechelewa, na ndiyo siku ya kumwona daktari. Siyo 18, siyo "akimaliza shule".

Nikaombwa nitoke nje. Nilitoka kwa furaha, niseme ukweli! Ya ndani nilisimuliwa na mume wangu kwenye gari. Daktari alitoa droo kitu kama tasbihi: shanga za mviringo wa yai kwenye kamba, ndogo kabisa ikiwa na namba 1 na kubwa 25, kila namba ni mililita. Unapapasa korodani kwa mkono mmoja, unalinganisha na shanga kwa mkono mwingine. Kifaa hicho alikibuni daktari wa Uswisi, Andrea Prader wa Zurich, miaka ya 1960, na mpaka leo hakuna mashine iliyokifukuza kliniki. Dogo alikuwa kwenye 3.

"Tatu?" nikauliza. "Ni nzuri au mbaya?"

"Ni jirani wa nne," mume wangu akanijibu. Ndiyo maneno ya daktari mwenyewe.

Kulikuwa na karafuu pia. Daktari alimwambia afumbe macho, akampitishia puani karafuu, halafu kahawa, halafu sabuni, ataje kila kimoja. Nilidhani ni mchezo wa kumtuliza. Kumbe kuna wanaume wanaozaliwa na tatizo ambalo bosi wa kwenye ubongo haamki kabisa, na wengi wao pia hawasikii harufu, kwa kuwa seli zinazotuma zile meseji husafiri pamoja na mishipa ya kunusa mtoto akiwa bado tumboni. Zikikwama njiani, vyote viwili vinakosekana. Hali hiyo inaitwa Kallmann, kwa jina la daktari aliyeiandika mwaka 1944. Sasa fikiria, wangapi kati yetu tumewahi kumuuliza kijana kama anasikia harufu ya pilau?

Dogo alivitaja vyote vitatu.

Halafu ikaja picha ya eksirei ya mkono wa kushoto, kuanzia vidoleni hadi kiwiko cha kiganja. Mifupa ina umri wake, na umri huo si lazima ulingane na wa cheti cha kuzaliwa. Picha inalinganishwa na kitabu cha picha za mikono ya watoto waliokua vizuri. Kinachotumika zaidi ni cha Greulich na Pyle, ambacho picha zake zilitokana na watoto wa Cleveland, Ohio, wa miaka ya 1930 na 1940. Ndiyo, mkono wa mtoto wetu wa leo unalinganishwa na wa Wamarekani wa enzi za vita vya pili, na daktari mwenye busara anakumbuka hilo anaposoma. Mifupa ya dogo ilisoma miaka 12 na nusu. Yaani cheti kinasema 15, mwili unasema bado yuko shule ya msingi.

Namba zinasema nini

Damu ikarudiwa, safari hii saa mbili kamili asubuhi, akiwa hajanywa chai. Wakapima testosteroni, LH, FSH, tezi ya shingo, prolaktini, picha kamili ya damu, figo na ini.

Daktari anayasoma majibu ya LH na FSH kwanza, kabla ya testosteroni. Kama ziko juu sana wakati testosteroni iko chini, maana yake meneja anapiga kelele lakini kiwanda hakisikii. Tatizo liko kwenye korodani zenyewe: labda ziliwahi kujinyonga, labda hazikushuka utotoni, labda aliugua matumbwitumbwi yakashuka huko chini, au dawa za saratani zilipita. Au ni kromosomu. Mwanamume wa kawaida ana XY, lakini katika kila wavulana 500 hadi 1,000 mmoja anazaliwa na X ya ziada. Hiyo inaitwa Klinefelter. Wengi wa hawa balehe yao huanza kwa wakati, sauti inaota, ndevu zinakuja, ila korodani hubaki ndogo na ngumu kidogo. Kwa kuwa kwa nje ni kijana wa kawaida, mrefu tena, hakuna anayeshtuka. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2003 ulikadiria kuwa ni robo tu ya wanaume wenye hali hiyo ndio wanaogundulika maishani, na wachache sana kabla ya balehe. Wengine hugundulika wapi? Kwenye kliniki za uzazi, miaka mitatu ndani ya ndoa, baada ya mke kuzungushwa kwa waganga wote wa mji na mawifi kumsema. Mnaonitumia barua za namna hiyo mnanielewa.

Kama LH na FSH ziko chini pamoja na testosteroni, sasa hapo ndipo penye kazi, na ndipo watu wengi wanapotishwa bure au kutulizwa bure. Maana majibu hayo ni yale yale kwa watu wawili tofauti kabisa. Wa kwanza ni mtoto ambaye saa yake inachelewa tu: bosi amelala, ataamka, na baada ya hapo kila kitu kitakwenda sawa. Hao ndio wengi, karibu theluthi mbili ya wavulana wanaopelekwa kwa mabingwa. Wa pili ni yule ambaye bosi hataamka bila kusaidiwa. Kipimo kimoja cha damu cha asubuhi moja hakiwatenganishi. Kuna homoni nyingine, inhibini B, inayotoka kwenye korodani zenyewe, ambayo ikiwa chini sana humfanya daktari amshuku wa pili. Kuna pia kipimo cha kuchoma sindano ya kumwamsha meneja kisha kupima LH kila baada ya dakika kadhaa. Vinasaidia, ila hata navyo mabingwa huachwa na wasiwasi. Anayetoa jibu la mwisho mara nyingi ni muda, pamoja na zile shanga.

Katikati yao kuna kundi ambalo kwetu Afrika Mashariki halipaswi kusahaulika: watoto ambao mwili umeahirisha balehe kwa sababu una shughuli nyingine. Sikoseli ni mfano mkubwa. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huo duniani, na wavulana wake wengi hubalehe kwa kuchelewa. Virusi vya Ukimwi visivyodhibitiwa, pumu kali, matatizo ya utumbo, tezi ya shingo iliyolegea na njaa ya muda mrefu hufanya vile vile. Hata mazoezi makali bila chakula cha kutosha. Huyu ukimtibu kinachomsumbua, mara nyingi balehe inajianza yenyewe. Ndiyo maana picha ya damu na figo havikuwa "vipimo vya kutuongezea bili", kama nilivyonong'ona pale dirishani. Kipimo cha MRI cha kichwa sisi hatukuandikiwa. Huwekwa kwa wenye sababu: maumivu ya kichwa yasiyoisha, macho kupungua kuona, prolaktini kupanda, au balehe iliyoanza kisha ikasimama.

Kwa kuwa kila mtu akisikia "homoni" na "mfupi" ananitajia Messi, niseme tu: yule alikosa homoni ya ukuaji, na klabu ya Barcelona ikakubali kumlipia matibabu alipohamia huko mwaka 2000 akiwa na miaka 13. Ni homoni nyingine na sindano nyingine.

Majibu ya dogo? Testosteroni ya asubuhi 0.9. LH ipo, ndogo lakini ipo. Kwa macho yangu 0.9 na 0.3 zote zilikuwa mshale mwekundu. Daktari alitabasamu. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 1993 kwamba mvulana ambaye testosteroni yake ya saa mbili asubuhi imepita 0.7, wengi wao balehe huonekana ndani ya mwaka mmoja. "Bosi ameanza kugeuka kitandani," akasema.

Halafu akauliza swali la kawaida tu, kalamu mkononi: "Kwenye familia, nani mwingine alichelewa?"

Kimya.

"Mimi," akasema mume wangu.

Miaka minne ya ndoa sikuwahi kujua. Alinyoa ndevu mara ya kwanza akiwa na miaka 19. Huko shule alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kuoga peke yake, kabla bweni halijaamka, miaka mitatu mfululizo, baridi ya kule Nyanda za Juu mnaijua. Walimwita "mtoto wa matroni". Alipofika chuo akaamua kwamba hayo hayajawahi kutokea. Ndiyo ile televisheni. Alikuwa anaongeza sauti asinisikie mimi, na asijisikie mwenyewe.

Na taarifa hiyo moja, ambayo ni bure kabisa, ilikuwa na uzito kuliko kipimo chochote nilicholipia. Zaidi ya nusu ya vijana ambao saa yao inachelewa tu wana mzazi au ndugu aliyepitia hayo hayo. Daktari aliandika mstari mrefu kwenye faili. Dogo alikuwa anamtazama kaka yake, kaka mwenye sentimita 180 na ndevu za kuchonga kwa kinyozi kila Jumamosi, kama vile ndiyo kwanza wanakutana.

Kusubiri au kuchoma?

Tukaja kugombana nyumbani. Daktari alitupa njia mbili, zote halali. Ya kwanza kusubiri, kurudi baada ya miezi sita kwa shanga na damu. Ya pili testosteroni kidogo ya sindano, miligramu 50 mara moja kwa mwezi, miezi mitatu hadi sita, kisha kuacha. Dozi hiyo ni ndogo mno kuliko ya mwanamume mzima, na kwa kipimo hicho haimpunguzii kimo chake cha mwisho. Inampa kianzio: sauti, misuli kidogo, sentimita kadhaa. Zile za vichochoroni, za gym, ni habari nyingine kabisa. Dozi kubwa hufunga ncha za mifupa mapema na kijana anabaki hapo hapo alipo milele. Tafadhali.

Mume wangu alitaka tusubiri. "Mimi nilisubiri na nilifika." Mimi nikamwambia ulifika, ndiyo, lakini ulioga saa kumi alfajiri miaka mitatu na mkeo amejua jana. Hatukuongea mpaka chakula cha usiku. Ni dogo aliyetukumbusha kwamba daktari alimuuliza yeye, siyo sisi. Akasema, "Shemeji, mimi nataka kuchoma. Nataka Kidato cha Tatu nipokee simu."

Kaka yake akanyamaza. Baadaye, taa zikiwa zimezimwa, akaniambia, "Na mimi wangeniuliza, ningesema hivyo hivyo."

Alichomwa tatu. Ya kwanza iliuma paja siku mbili, chunusi zikaja usoni, na kwa mwezi mmoja chumba cha pili kilinuka kama chumba cha mwanamume. Ila sindano haituambii kama bosi ameamka. Testosteroni ya kwenye chupa inaleta sauti na nywele, haikuzi korodani. Zaidi, ukipima damu wakati sindano bado iko mwilini, unapima dawa. Kwa hiyo unaacha, unasubiri miezi michache, ndipo unarudi saa mbili asubuhi. Korodani zikiwa zimekua, kazi hiyo imefanywa na mwili wenyewe. Zisipokua hata baada ya awamu ya pili, ndipo anachunguzwa zaidi kwa ajili ya yule mtu wa pili. Hata yeye hajafungiwa mlango, maana kuna tiba ya homoni ya kumlea mpaka utu uzima, na siku akitaka mtoto kuna sindano nyingine za kuamsha utengenezaji wa mbegu. Inachukua muda, lakini ipo, na wanaopata matunda ni wengi.

Neno dogo kwenu wenye vichanga. Mvulana akiwa na umri wa mwezi mmoja hadi mitatu, homoni hizi hupanda kwa muda kama mazoezi ya balehe, kisha hulala hadi ukubwani. Kama uume ni mdogo sana au korodani hazijashuka, kipimo cha damu cha wiki hizo kinasema mengi ambayo baadaye hayatasomeka tena kwa miaka kumi na zaidi. Siku ya kliniki mwombe nesi aangalie kama zote mbili zipo kwenye mfuko. Zisiposhuka zenyewe mpaka miezi sita, upasuaji hufanywa kabla ya mwaka na nusu.

Turudi kwa dogo. Tulikwenda tena likizo iliyofuata, sindano ya mwisho ikiwa imeshapita zaidi ya miezi mitatu. Testosteroni ya asubuhi ilisoma 4.2. Mimi nilikuwa nje kama kawaida yangu, kwenye benchi, nasoma bango la chanjo kwa mara ya nne. Mlango ulipofunguliwa daktari alikuwa bado ameshika zile shanga, kidole kwenye namba 6.

"Hii hatukukupa sisi," alikuwa anamwambia. "Na lile swali lako la siku ya kwanza, leo naweza kulijibu. Kwa ninavyokuona, sina sababu ya kudhani kwamba hutapata watoto. Ila maliza shule kwanza."

Dogo akacheka, na katikati ya kicheko sauti ikamkatika, ikapanda, ikashuka. Tumepangiwa kurudi baada ya miezi sita.